Hapa, Huku, Humu

Debra alipima nyonga za watu kwa tepu ya fundi cherehani. Aliichomoa mfukoni mwa koti lake jeupe, akainyoosha juu ya ngozi ya mgonjwa, akachora nukta tatu kwa kalamu ya zambarau, na wagonjwa wakampenda kwa hilo. Walishuka ngazi wakiambiana kwamba hapa wanapima watu sawasawa, kwa namba. Mimi niliyekuwa nimewatafutia penye maumivu kwa vidole vitupu miaka tisa sikuwahi kusikia sifa ikifika hata mlangoni.

Sina haja ya kuficha. Nilimwonea gere tangu wiki ya kwanza. Kipya kinyemi, ingawa kidonda, na huyu hata kidonda hakuwa. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtoto wa Kinoo, baba yake ana nyumba za kupangisha kando ya Waiyaki Way. Alama za diploma yake ni zile ambazo mimi nilizisikia zikisomwa za wengine. Tena alikuwa mpole. Angekuwa na kiburi ningempenda kidogo, maana kiburi unaweza kugombana nacho. Upole utaupigia wapi?

Aliniita Madam. "Madam Nasimiyu, nikuletee chai?" Nilikuwa na miaka arobaini na moja, na kila aliponiita jina hilo nilihisi mtu amenivalisha miwani na sweta la mwalimu mkuu. Chai niliikubali. Nilikunywa yote, nikarudisha kikombe bila kusema asante, halafu nikajichukia hadi saa nane.

Kliniki ilikuwa ya Daktari Mungai, ghorofa ya nne, juu ya duka la viatu katika mtaa wa Tom Mboya, Nairobi. Lifti ilikufa kabla sijaajiriwa. Ndiyo, watu wenye nyonga mbovu tuliwapandisha ngazi ghorofa nne, na Daktari alisema anayefika juu bado anaweza kusaidika. Mimi na Debra tulikuwa maafisa wa kliniki tu, ingawa wagonjwa walituita sote madaktari. Siku nyingine tulitibu mabega, magoti na vidonda, lakini Alhamisi ilikuwa siku ya sindano za ndani ya nyonga, na kwa ajili ya Alhamisi watu walitoka hadi Thika na Machakos.

Kwa miaka tisa mimi nilitafuta mahali na Daktari akadunga. Mwanzoni mwa mwaka 2006 mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Kwanza tulijifanya hatuoni. Kisha Alhamisi moja akaiweka sindano chini, akatuita ofisini, akafunga mlango.

"Mimi mkono umechoka," alisema. "Ikifika mwisho wa mwaka nitaachia mmoja wenu hii meza ya Alhamisi. Kuanzia sasa wiki moja ni ya Nasimiyu, wiki inayofuata ni ya Debra. Kila mtu atafute mahali mwenyewe na adunge mwenyewe. Mimi nitaangalia."

Nilitoka pale nikiwa na hasira hata sikuona ngazi. Meza ile ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeipangusa kwa spiriti tangu Debra akiwa kidato cha pili, nikijua kwamba siku moja nitaambiwa, Nasimiyu, shika. Sasa niliambiwa nishindane na tepu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema watu; huyu alikuja, na mwenyeji nikaanza kuugua.

Niseme kidogo juu ya kazi yenyewe, kwa sababu nyonga si mahali pa kubahatisha. Msuli tunaoutafuta umelala chini kabisa ya kalio, umefunikwa na msuli mwingine mnene, na karibu nao unachomoza mshipa wa fahamu ulio mpana kama kidole gumba. Ukiukosa msuli kidogo, mtu anaweza kuvuta mguu maisha yake yote. Kwa macho huoni kitu. Mashine za kuonyesha ndani ya mwili wakati ule zilikuwa za hospitali za wenye nazo. Kwa hiyo tuliishika mifupa. Kuna kishimo kidogo chini ya kiuno, juu ya kalio. Hapo ndipo mfupa wa kwanza. Kuna ncha ya kitokono, pale uti wa mgongo unapoishia. Kuna kinundu cha paja kinachotokeza ubavuni. Unatafuta katikati ya kishimo na kitokono, unavuta mstari hadi kwenye kinundu, na msuli umelala kwenye njia hiyo. "Nyama hudanganya," Daktari alikuwa akisema, "mfupa haudanganyi." Hilo Debra alilijua vizuri kuliko mimi, na kwa sentimita.

Lakini mimi nilikuwa na alama ya nne, na hiyo sikumwambia mtu.

Nimezaliwa Kimilili, huko magharibi. Katika lugha ya kwetu mahali pana sura tatu, na Kiswahili tulichofundishwa shuleni ni vilevile. Mwalimu wetu wa darasa la nne alitukariri hayo huku ameshika kiboko. Hapa ni mahali unapoweza kupagusa kwa kidole. Huku ni eneo, kitu kinachoanzia upande mmoja na kuishia mwingine. Humu ni ndani. Nairobi watu wamezitupa hizo mbili wakabaki na hapa, na maisha yanaendelea. Ila mtu akiumwa, hasa mtu wa magharibi, au mtu wa Pwani, au mzee yeyote aliyesoma zamani, husema kweli bila kujijua. Akisema hapa, shida iko kwenye msuli wa juu, na sindano fupi inatosha. Akisema humu, ni ule wa chini. Akisema huku, uchungu unasafiri. Unatoka mgongoni, na ukimdunga nyongani unapoteza dawa. Hata vijana wa mjini niliwategea. Niliwainamia nikauliza polepole, "Ni hapa, ni huku, au ni humu?" nao wakachagua, na mara nyingi walichagua sawa.

Daktari alidhani nina macho vidoleni. Alikuwa akiwaambia wageni hivyo, "Huyu Nasimiyu ana macho kwa vidole." Nikamwacha adhani. Cha mtu ni cha mtu.

Basi Alhamisi zikaanza kupokezana. Zangu zilikwenda vizuri, kimya kimya. Zake zilikwenda vizuri kwa kelele. Thuo, aliyekaa mapokezi, akaanza kuniletea habari ambazo sikumwomba. "Madam, kuna wawili wanasema watangoja wiki ya yule wa tepu." Alisema hivyo akinitazama usoni apate kuona nitakavyofanya. Nilimwambia awaandike. Nikaingia stoo nikahesabu pamba.

Kilichonichoma zaidi ni mkono. Katika Alhamisi ya tatu ya Debra, Daktari aliweka mkono wake unaotetemeka juu ya mkono wa yule msichana, wakaisukuma sindano pamoja, ili amwonyeshe jinsi inavyolegea inapotoka msuli wa kwanza na kuingia wa pili. "Umeskia? Hapo imeingia. Umeskia?" "Nimeskia, Doc!" Wakacheka wote wawili. Nisieleweke vibaya, Daktari alikuwa mzee wa kanisa na rika la baba yangu. Nilichotaka ni mkono ule uwekwe juu ya wangu mara moja tu, kwa kazi ileile. Miaka tisa hakuuweka. Labda aliona sihitaji. Hilo halikunifariji hata kidogo, nikalala na kijiba cha roho nikaamka nacho.

Katikati ya Aprili, mvua ikinyesha, akaja Lornah.

Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mwembamba, anaishi Kangemi na kufua nguo katika nyumba za Lavington. Siku nzima hukaa amechuchumaa mbele ya beseni. Nyonga ya kulia ilikuwa imemkatalia wiki tano. "Nikikaa siku mbili bila kwenda, wanatafuta mwingine," alisema. Alisoma jina langu kwenye kibandiko cha koti, uso ukafunguka.

"Nasimiyu! Kumbe iko mtu wa kwetu hapa. Mulembe, mayi."

"Mulembe," nikairudisha salamu ya kwetu, na kwa kweli nilifurahi. Nilimshika mkono nikampandisha kitandani. Lakini ilikuwa Alhamisi ya Debra. Kazi yangu siku hiyo ilikuwa kushika pazia na kupanga sindano kwenye sinia, na Daktari alikuwa chumba cha pili akiongea na simu.

"Sasa mum, lala kwa tumbo," Debra alisema. "Relax. Unaskia uchungu wapi?"

"Iko huku, daktari. Inatoka huku, inaenda huku." Mkono wa Lornah ukapita kiunoni, ukashuka juu ya kalio, ukaishia nyuma ya paja.

"Hapa?" Debra akabonyeza.

"Huku," Lornah akasema tena.

"Sawa. Ama ni hapa?" Akabonyeza kwa gumba, kwa nguvu, katikati ya kalio, mahali ambapo hata mtu mzima wa afya angeruka.

"Ai! Hapo."

"Hapo. Good." Debra akachomoa tepu.

Ukimwuliza mtu kama ni hapa, atakujibu hapo. Ndivyo lugha ilivyo. Jibu limo ndani ya swali lenyewe, na mtu mwenye heshima hatabishana na daktari. Nilisikia kila kitu. Huku mara nne, na hapo moja ya kulazimishwa. Nilijua papo hapo kwamba huo ni mgongo, kwamba mama huyu anahitaji kupigwa picha ya uti wa mgongo na si sindano. Lornah aliinua kichwa kutoka kwenye mto akanitazama. Nilifungua mdomo.

Daktari akaingia. Akaziangalia zile nukta tatu za zambarau na mstari uliozipitia, akaitikia kwa kichwa kwa furaha. "Debra," alisema, "hii unaweza kupiga picha uweke kwa kitabu."

Nikafunga mdomo. Nasema wazi, sikuufunga kwa woga. Niliufunga kwa sababu niliona jinsi itakavyokuwa: sindano itaingia mahali pazuri kabisa, mama atarudi akiumwa vilevile, na kitabu cha Debra kitapata doa. Nikampa sindano kwa mikono miwili. Alidunga bila kosa hata nukta moja. Alipapata barabara mahali pasipouma.

Lornah alirudi baada ya wiki mbili. Hajapata nafuu. Debra alisoma kadi yake mara mbili, akapima upya, akadunga tena. Alirudi mara ya tatu mwanzoni mwa Juni, akipanda ngazi kwa kushika ukuta, na sasa alikuwa amepoteza nyumba mbili kati ya nne alizokuwa akifulia. Zamu hizo zote aliangukia kwa Debra, kwa sababu Debra mwenyewe alimwomba Thuo amwandike kwake. Hakutaka kumwachia mwingine kazi iliyomshinda. Mimi ningefanya hivyohivyo.

Siku hiyo ya tatu, kabla ya kudunga, Debra alinifuata dirishani.

"Madam, please. Huyu mama ananishinda. Hebu nishikie uone kama nimekosea mahali. Naona kuna kitu sioni."

Nilikwenda. Lornah alikuwa amelala, uso umeelekea upande wangu, macho wazi. Niliweka vidole juu ya nukta moja moja: kishimoni, kitokononi, kinunduni. Ngozi yake ilikuwa na baridi. Neno moja tu lilitosha, tena fupi: mwulize vizuri. Lakini kama ningelisema, meza ingekwenda kwa nani? Debra angelishika neno hilo siku hiyo hiyo, angeliandika kwenye daftari lake dogo, akalitumia pamoja na tepu yake, na mimi ningebaki na nini?

"Alama zako ziko sawa," nikamwambia.

Na zilikuwa sawa. Hakuna mwongo stadi kama anayesema kweli. Debra akashusha pumzi. "Asante sana, Madam. Sasa angalau nina imani." Akadunga. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga, na mimi ndiye niliyekuwa nguoni.

Julai, asubuhi ya baridi na ukungu, nilikuwa napanda ngazi kwenda kazini. Kati ya ghorofa ya pili na ya tatu niliikuta ndara moja ya bluu, ya mguu wa kulia, imelala katikati ya ngazi. Niliiokota nikidhani ni ya mtoto aliyebebwa mgongoni, lakini ilikuwa kubwa. Nilipofika juu nikamkuta Lornah amekaa kwenye benchi la mapokezi. Mguu wa kushoto ulikuwa na ndara ya bluu. Wa kulia ulikuwa mtupu, umelowa na kuchafuka, na yeye hakuwa na habari.

"Mama, kiatu chako," nikasema.

Aliangalia ndara mkononi mwangu, kisha akaangalia mguu wake. Alijaribu kuuinua unyayo. Vidole havikwenda popote.

"Ilitoka saa ngapi?" aliniuliza.

Nilipiga magoti nikamvisha kwa mikono yangu, nikaifunga kwa kitambaa cha bendeji isitoke tena, na sikuweza kumtazama.

Daktari alimpeleka siku hiyohiyo hospitali kuu kwa gari lake. Picha ilionyesha kile kipande laini kilicho kati ya pingili mbili za chini za mgongo kimetokeza na kuubana mshipa. Kilikuwa kikiubana tangu Aprili. Walimpasua Agosti. Uchungu ulipungua, mguu haukurudi. Daktari wa upasuaji alisema kama angeletwa miezi miwili mapema huenda ungerudi.

Aliporudi na habari hiyo, Daktari Mungai alituita ofisini sote wawili, akaweka kadi ya Lornah mezani. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, kwa mwandiko mzuri wa Debra: maumivu kalio la kulia, mahali pamoja, mgonjwa ameonyesha. Niliisoma juu chini kutoka pale niliposimama. Kwa Kiingereza hapa, huku na humu ni neno moja.

"Hakuna mtu aliuliza huyu mama kama hii kitu inatoka mgongo?" Daktari alisema. Hakupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Nilimuuliza wapi anaumwa, Doc." Debra alikuwa analia, pua imekuwa nyekundu, na hata hivyo alikuwa amesimama wima. "Nilimuuliza mara mingi. Alisema hapo. Nilishika, akasema hapo. I swear. Lakini ni mimi nilikuwa namwona. Ni makosa yangu."

Daktari akanigeukia. "Nasimiyu, wewe ulikuwa kwa chumba. Huyu ni mama wa kwenu. Hukuskia kitu?"

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yangu ya mwisho, na nilijua ni ya mwisho. Ningeweza kusema nilisikia lakini sikuelewa. Ningeweza kusema nilisahau. Hata uongo mdogo ungemtua Debra nusu ya mzigo.

"La, Daktari," nikasema. "Sikusikia kitu."

Debra aliitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemtetea.

Meza nilipewa mwezi wa kumi, hata mwaka haujaisha. Daktari aliniita, akasema maneno mawili matatu juu ya uvumilivu na uzoefu, akanishika bega. Hakunishika mkono. Debra alihamishiwa chumba cha vidonda, akawa anafunga na kufungua bendeji kutwa, na hakununa. Tepu sikuiona tena. Nilijua kupitia kwa Thuo, asiyeweza kukaa na neno, kwamba kila Jumamosi Debra hushukia Kangemi akitoka mjini na kwenda chumbani kwa Lornah kumnyoosha ule mguu na kumfundisha kutembea na gongo. Hakutumwa na mtu. Mnajua nilihisi nini niliposikia? Wivu. Hata hilo nililionea wivu. Nilikaa kwangu karibu na Adams Arcade Jumamosi nzima nikijiambia nitakwenda, nikafua mapazia yaliyokuwa safi.

Alhamisi ya kwanza ya Novemba orodha yangu ilikuwa na watu saba. Wa tano alikuwa Lornah.

Debra ndiye aliyemleta hadi mlangoni, amemshika kiwiko. "Madam, sasa ni upande ule mwingine. Left. Anaweka uzito wote huko, sasa huo msuli umekasirika. Nimemwangalia mgongo, nimemuuliza vizuri, naona hii ni ya meza yako." Akaniambia hivyo kwa macho maangavu, bila hata chembe ya kisasi, akarudi kwenye vidonda vyake.

Nilifunga mlango.

"Mulembe, mayi," nikasema.

"Habari, daktari," Lornah akajibu kwa Kiswahili.

Nilimsaidia kupanda. Alilala kwa tumbo, polepole, gongo likiegemea kitanda. Nilikipata kishimo, nikaipata ncha ya kitokono, nikakipata kinundu. Mifupa yote ilikuwa mahali pake, na vidole vyangu vilikuwa vilevile vilivyosifiwa. Nikavuta mstari kwa kichwa, nikaweka gumba juu ya msuli. Kisha nikainama, nikauliza kwa sauti yangu ya siku zote.

"Mama, ni hapa, ni huku, au ni humu?"

"Hapo," Lornah akasema.

Nikasogeza gumba upana wa vidole vinne. "Na sasa?"

"Hapo."

Nikalisogeza hadi juu ya mfupa mtupu wa kitokono, mahali ambapo hakuna msuli wa kuuma. Nikabonyeza kidogo tu.

"Hapo, daktari."

Nilimwambia, sasa kwa lugha ya kwetu, kwamba siwezi kumdunga kama haniambii. Nilimwambia aseme tu vile mwili unavyomwambia, asiogope. Nje Thuo alikuwa akiita namba ya mgonjwa wa sita.

"Siku ile nilisema huku," Lornah alisema. Alisema kwa Kiswahili, polepole, ili kila neno lifike. "Nilisema tena na tena. Huyo msichana hakuskia. Yeye ni mtoto wa hapa Nairobi, atajulia wapi? Mimi simlaumu, anakuja kwangu ananishika mguu kama mtoto wangu. Lakini wewe uliskia. Nilikuangalia, nikaona umeskia."

Hakuwa na hasira, na hakugeuka kuniangalia.

"Sasa nasema hapo, vile nyinyi mnapenda," akasema. "Dunga, daktari. Mimi mahali utaweka ndiyo hapo."

Akalaza shavu kwenye mto, akangoja. Sindano ilikuwa imejaa mkononi mwangu, na mkono haukutetemeka hata kidogo, na sikujua pa kuiweka.